Kuhamishia injini ya 1KD-FTV kwenye Hilux ya LN106

Hilux ya LN106, ile iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1988 ikiwa na ekseli nzima mbele na springi za bapa pande zote nne, bado inapanda milima ya Njombe na Ludewa ikiwa imejaa viazi hadi juu ya kingo za bodi. Chasisi yake ni nene, ekseli zake hazichoki haraka, na fundi wa kijijini anaweza kuitengeneza chini ya mti. Kinachoishusha hadhi ni injini. Injini ya 3L iliyokuja nayo ina ujazo wa sentimeta za ujazo 2,779, haina turbo, na nguvu yake ya mzunguko ni karibu Nm 190. Tena hizo ni nguvu zake ikiwa usawa wa bahari, kwa sababu Iringa mjini, palipo juu ya meta 1,500, hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 14, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Anayepanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori akiwa kwenye gia ya pili, na moshi mweusi ukimfuata nyuma, anajua ninachokisema.

1KD-FTV ni injini ya dizeli ya Toyota iliyoanza kutumika mwaka 2000, yenye ujazo wa 2,982, valvu 16, turbo ambayo mabawa yake hubadilisha mkao kulingana na mzigo, na mfumo wa dizeli wenye reli moja ya shinikizo kubwa inayozilisha nozeli zote nne. Katika Hilux iliyokuja kuanzia mwaka 2005 hutoa Nm 343, na huzitoa tangu mizunguko 1,400 kwa dakika, mahali ambapo 3L inakuwa ndiyo kwanza inaamka. Nimezihamisha injini hizi kwa miaka kadhaa sasa, na jambo ninalotaka lieleweke kabla ya yote ni kwamba injini yenyewe huingia ndani ya gari kwa siku moja. Kinachochukua wiki, na ambacho ndicho huamua kama gari litafanya kazi miaka kumi au litarudi gereji likiwa limefungwa kamba, ni vitu vinavyoizunguka: gia boksi, redieta, njia ya dizeli na umeme. Asiyekuwa na fedha au subira ya kuvimaliza hivyo vinne ni bora aitengeneze 3L yake upya, aweke pistoni na beringi mpya, na aendelee na maisha yake.

Kwa nini 1KD na si nyingine

Wengi huniuliza kuhusu 1KZ-TE, ambayo ni ya zamani kidogo na ina ujazo ule ule wa 2,982. Ni injini rahisi zaidi kuihamisha, kwa kuwa akseleta yake bado ni ya kamba na umeme wake ni mchache. Tatizo lake ni silinda hedi ya aluminiamu ambayo hupasuka ikichemka, na hizi zinazouzwa leo zimeshachemka mara ngapi huko zilikotoka hakuna anayejua. Kwa gari linalobeba mzigo mlimani sitaki kuanza na injini yenye historia hiyo. Upande wa pili ipo 1GD-FTV, iliyochukua nafasi ya 1KD kwenye Hilux mwaka 2015. Ni nzuri, lakini imefungamana mno na mifumo mingine ya gari lake, kuanzia ulinzi wa ufunguo hadi kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na gharama ya kuitenganisha na mifumo hiyo inapita thamani ya gari unalotaka kuiwekea. 1KD iko katikati: ina nguvu ya kutosha, vipuri vyake vinapatikana hadi Makambako, na mafundi wanaoielewa ni wengi.

Kununua seti nzima

Usinunue injini peke yake. Nunua nusu ya mbele ya gari iliyokatwa, au angalau seti iliyotoka kwenye gari moja: injini ikiwa na turbo, altaneta na pampu zake, gia boksi ya kawaida ikiwa na transfa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), wayaringi nzima ya injini isiyokatwa popote, kompyuta ya injini ambayo mafundi huiita kontroli boksi, kile kiboksi cha pembeni kinachozipa nozeli umeme na ambacho kimeandikwa EDU, pedali ya akseleta kwa kuwa ya 1KD ni ya umeme, kipimo cha hewa kilichopo kwenye bomba la chujio, intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), na relei zote pamoja na boksi lake la fyuzi. Iwapo turbo ni ile ambayo mabawa yake husukumwa na mota ya umeme, basi na kiboksi kinachoiendesha mota hiyo kije. Seti za namna hii huja kutoka Japani, na nyingine hupitia kwenye yadi za magari yaliyokatwa za Sharjah, kabla ya kufika Gerezani pale Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi.

Nasisitiza gari moja kwa sababu niliwahi kulipia kosa hili. Nilinunua injini nzuri sana kwa muuzaji mmoja, nikaongezewa kompyuta ya pembeni kama zawadi, na nikaamini kwamba kompyuta za 1KD zote ni ndugu. Kumbe ile ilitoka kwenye gari la otomatiki lenye ulinzi wa ufunguo. Injini ilizunguka vizuri kwenye stata, dizeli ilifika kwenye reli, lakini nozeli hazikufunguka hata mara moja, kwa kuwa kompyuta ilikuwa ikiusubiri ufunguo uliobaki nje ya nchi. Wiki tatu zilipita nikitafuta nyingine, na mwenye gari alikuwa akipiga simu kila asubuhi. Tangu siku hiyo, kama seti ina ulinzi wa ufunguo, sitoi fedha mpaka nipewe ufunguo wenyewe, silinda ya swichi na kile kiboksi cha ulinzi, na kama gari langu ni la gia za mkono basi natafuta kompyuta ya gari la gia za mkono.

Ikague kwa macho yako

Kabla ya kulipa, omba injini igeuzwe na sampu, lile bakuli la oili la chini, ifunguliwe. Muuzaji akikataa, ondoka. Sampu ikishatoka utaliona chujio la kufyonzea oili, kijisahani kilichofunikwa wavu mwembamba, kikiwa kimening'inia kwenye bomba lake. Mulika tochi kwenye wavu huo. Ukiwa mtupu na unang'aa kwa oili, umeanza vizuri. Ukiona punje nyeusi ngumu mithili ya mkaa uliopondwa zimeziba matundu, umeona ugonjwa mkubwa wa injini hii. Chanzo chake ni washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli: zikichoka, moto wa silinda hupenya na kupanda hadi chini ya kava ya valvu, ukaikaanga oili, na masizi yake yakashuka mpaka kwenye sampu na kuuziba wavu. Oili haipandi tena ya kutosha, na turbo na beringi za krenki (shafti kuu ya injini) hufa pamoja. Injini ya namna hiyo bado inaweza kuokolewa, ila bei yake lazima iwe ya injini ya kufungua yote.

Ukiwa hapo, shika shafti ya turbo kwa vidole viwili na uitikise. Kucheza kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida, kwa kuwa shafti huelea juu ya oili, lakini kucheza kwenda mbele na nyuma, au mabawa kugusa ukuta, ni alama ya turbo iliyokwisha. Pitisha kidole ndani ya bomba linalokwenda kwenye intakula. Unyevu mwembamba wa oili si neno, dimbwi ni neno. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na usikilize. Kisha soma namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na uilinganishe na ile iliyo kwenye stakabadhi na karatasi za forodha, kwa sababu namba hiyo utaihitaji tena mwishoni.

Kazi ya kufanya injini ikiwa chini

Kila kitu ambacho ni kigumu kukifikia injini ikiwa ndani ya gari, kifanye ikiwa bado iko juu ya meza. Badilisha taimingi belti pamoja na rola na kikazio chake bila kujali muuzaji amesema nini, kwani ikikatika valvu hukutana na pistoni. Muda wake hutofautiana kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea nchi gari lilikouzwa, na wewe huna namna ya kujua yako imetembea kilomita ngapi. Weka pampu ya maji mpya na sili za mbele na nyuma za krenki. Toa nozeli zote nne, zipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima, safisha vikalio vyake kwenye hedi hadi uione metali tupu, na uzirudishe kwa washa mpya za shaba. Usirudishe washa ya zamani hata ikionekana nzima.

Nozeli nyingi za injini hii zina msimbo wa herufi na tarakimu ulioandikwa juu yake, unaoieleza kompyuta ni kwa kiasi gani nozeli hiyo inatofautiana na nyingine. Piga picha ya kila msimbo na uandike nozeli imekaa silinda ya ngapi. Ukichanganya nafasi zake, au ukaweka nozeli mpya bila kuuingiza msimbo wake kwa mashine ya kusomea kompyuta, injini itagonga na kutetemeka ikiwa sailensi (inanguruma bila akseleta kukanyagwa), na utahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kuipima injini ndani ya gari

Toa 3L pamoja na gia boksi lake, osha chasisi yote, na uikague kwa mwanga mkali, hasa pale steringi boksi inapofungwa na pale springi za mbele zinapoanzia. LN106 iliyofanya kazi barabara mbovu mara nyingi ina ufa mwembamba sehemu hizo. Ziba ufa huo na uweke bati la kuimarisha sasa, maana injini yenye nguvu karibu maradufu haitauhurumia.

Kisha ning'iniza 1KD kwenye cheni bloku ikiwa imefungwa na gia boksi lake, uishushe taratibu, lakini usichomelee chochote. Kikwazo kikubwa kwenye LN106 ni ekseli ya mbele, ambayo hupanda na kushuka chini ya sampu, ilhali sampu ya 1KD ilitengenezwa kwa ajili ya magari ambayo difu yake ya mbele (boksi la gia za ekseli) imefungwa kwenye chasisi na haitembei. Mimi hutumia udongo wa mfinyanzi kupima nafasi hiyo. Nakanda donge la ukubwa wa ngumi, naliweka juu ya mgongo wa difu pale sampu inapoelekeana nao, kisha natoa majani ya springi na kubakisha lile refu tu, naipandisha ekseli kwa jeki mpaka ikutane na mipira ya kuzuia, halafu naishusha. Donge linabaki limebonyea, na unene uliosalia ndiyo nafasi halisi uliyo nayo siku gari litakapotua kwenye shimo likiwa na mzigo. Nikipata chini ya sentimeta tatu siridhiki. Hapo kuna njia tatu: kuisogeza injini nyuma kidogo, kuipandisha gari kwa springi ndefu zaidi, au kuikata sampu na kuichomelea upya. Ukiikata sampu, kumbuka kwamba lile chujio la oili lazima lifuate kina kipya, na ujazo wa oili, ambao kwa injini hii ni karibu lita 7, usipungue. Sampu iliyokatwa ijaze mafuta ya taa na uiache usiku kucha juu ya karatasi kavu. Mafuta ya taa hupenya pale ambapo maji hayapenyi, na karatasi itakuonyesha asubuhi kama kuna tundu.

Nafasi ikishapatikana, angalia nyuma: je, injini imeacha nafasi ya mkono kati yake na ukuta wa kabini? Angalia na pembeni: bomba la turbo liko mbali kiasi gani na shafti ya steringi na mabomba ya breki? Ndipo utengeneze vikalio. Tumia mipira ya injini ya 1KD yenyewe na bati la milimita 6, shika kwanza kwa nukta chache za moto, rudia vipimo vyote, halafu ndipo uchomelee kikamilifu. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, toa nyaya zote mbili za betri na uchomoe kompyuta. Umeme wa kuchomelea huiua kompyuta kimya kimya.

Gia boksi na propela

Kulibakisha gia boksi la zamani inawezekana kwa kutengeneza bati la kuunganishia, na wapo wanaofanya hivyo. Mimi sipendi, kwa kuwa boksi hilo lilitengenezwa kwa injini yenye nusu ya nguvu hizi, na siku meno yatakapokatika mzigo utakuwa barabarani. Boksi la R151F lililozoeleka kwenye Hilux zenye 1KD ni zito na linahimili. Jambo la kuangalia ni transfa: iwe ya kuunganisha magurudumu ya mbele kwa hiari, isiwe ile ya Prado inayoyaendesha yote manne muda wote, na tokeo lake la mbele liwe upande ule ule ambao difu ya ekseli yako ya mbele imekaa.

Boksi jipya halitakaa palipokaa la zamani. Chuma cha kukingama kinachobeba gia boksi kitahamishwa, tundu la mti wa gia kwenye sakafu litakatwa upya, propela moja itaongezwa na nyingine kupunguzwa. Zipeleke kwa mtu mwenye leithi na mashine ya kuzisawazisha, maana propela isiyosawazishwa hula krosi (viungio vyake) na beringi ya nyuma ya transfa ndani ya miezi michache. Hakikisha pia kwamba krosi za ncha mbili za propela zinatazama upande mmoja.

Maji na hewa

Redieta ya 3L haitoshi. Weka redieta ya gari lililokuja na 1KD, au utengenezewe yenye safu zaidi na upana wote unaoweza kuingia, na usiache kuweka lile duara la plastiki linaloizunguka feni, kwa sababu bila hilo feni huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta ya nje. Maji matupu yasitumike. Hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma, na bila kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu metali hizo mbili hulana.

Kuhusu intakula, ile iliyokuja juu ya injini huhitaji boneti yenye mdomo wa kuingizia hewa na mpira unaoiziba vizuri kando kando. Boneti ya LN106 ni fupi, hivyo mara nyingi huihamishia mbele ya redieta. Ukifanya hivyo, mabomba yawe mafupi kadiri inavyowezekana, yawe na mipira inayovumilia joto na shinikizo, na yafungwe kwa vibano imara. Chujio la hewa liwe kubwa, na kipimo cha hewa kikae kwenye sehemu ya bomba iliyonyooka.

Dizeli safi au hakuna injini

Katika 3L, dizeli chafu ilikugharimu moshi na kuchelewa kuwaka. Katika 1KD inakugharimu pampu na nozeli zote nne. Shinikizo ndani ya reli hupita bar 1,000, na matundu ya nozeli ni membamba sana. Tanki la gari la miaka thelathini limejaa kutu chini. Litoe, lioshe kwa mvuke, na kama kutu imekula basi tafuta jingine. Mabomba ya dizeli yabadilishwe yote, la kwenda na la kurudi. Kabla ya chujio kikuu weka kitenganisha maji chenye kikombe cha kuonea, ukifunge mahali ambapo dereva anaweza kukiona bila kulala chini. Pampu ya 1KD huvuta dizeli yenyewe kutoka tankini, kwa hiyo tundu dogo kwenye bomba halitavujisha kitu cha kuonekana, bali litaingiza hewa, na gari litakuwa gumu kuwaka asubuhi.

Na hili lishikwe na kila atakayeinamia injini hii: usilegeze bomba lolote la reli injini ikiwa inawaka, jinsi tulivyozoea kufanya kwenye pampu za zamani. Dizeli ya shinikizo hilo hupenya ngozi ya mkono, na jeraha lake ni la kukimbiza hospitali hata kama linaonekana dogo kama la sindano.

Umeme

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, na mara nyingi hukwama kwa sababu fundi amekata nyaya kwa haraka. Ukitandika wayaringi ya 1KD sakafuni utaona nyaya zaidi ya mia na utaogopa, lakini zile unazotakiwa kuziunganisha na gari la zamani ni chache mno. Nyingine zote hutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye sensa na kurudi, na hizo hazihitaji kuguswa. Tafuta mchoro wa umeme wa gari ambalo seti yako imetoka, uuchape kwenye karatasi kubwa, na kila waya unaoutambua uufunge kipande cha tepu chenye jina lake.

Unachokitafuta ni hivi. Kwanza, umeme wa kudumu kutoka betrini unaopita kwenye fyuzi yake kwenda kwenye kompyuta. Pili, umeme wa swichi, yaani ule unaokuja ukiwasha ufunguo, ambao huiamrisha relei kuu ipitishe umeme. Ni lazima ubaki hai hata wakati stata inazunguka, na katika magari ya zamani baadhi ya nyaya za swichi hukatika wakati huo, hivyo pima kwa mita kabla ya kuchagua. Tatu, ishara ya stata. Kisha kuna relei ya EDU, relei ya hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha) yenye waya wake mnene, taa ya kuonyesha hitilafu ambayo utaiwekea mahali kwenye dashibodi, swichi ya taa za breki, na soketi ya kuchomekea mashine ya uchunguzi. Soketi hiyo usiiache, kwani bila hiyo kila fundi atakayekuja baadaye atakuwa akikisia. Mwishoni huja waya za ardhi. Injini iwe na waya mnene wa kuifunga kwenye chasisi, mwingine kutoka kwenye betri, na zile ardhi za kompyuta zifungwe pale pale zilipofungwa kiwandani, kwenye bloku au manifodi. Hitilafu nyingi zinazokuja na kuondoka, ambazo watu huilaumu kompyuta, nimezikuta zikiwa ni ardhi iliyofungwa juu ya rangi.

Kompyuta ikae ndani ya kabini, juu, mbali na maji ya kuoshea sakafu. EDU hupeleka kwenye nozeli umeme wa juu kuliko ule wa betri, unaoweza kumpiga mtu shoti, kwa hiyo usichomoe soketi za nozeli wakati swichi imewashwa. Pedali ya umeme itafungwa kwenye ukuta kwa pembe ile ile iliyokuwa nayo kwenye gari lake, na chini yake pasiwe na kapeti linaloweza kuikwamisha. Kila muunganiko uuchomee kwa risasi na kuufunika kwa mpira wa kukaza kwa joto. Kusokota waya na kuziba kwa tepu hakufai kwenye gari linalopita kwenye matope.

Kuiwasha mara ya kwanza

Jaza oili na kulanti, pampu dizeli kwa ile pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu. Chomoa soketi ya EDU ili nozeli zisifanye kazi, uzungushe stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime. Turbo iliyokaa miezi bila oili ikiwashwa ghafla hujiumiza ndani ya sekunde chache. Rudisha soketi, subiri taa ya hita plagi izime, kisha washa. Usikanyage akseleta. Iache sailensi huku wewe ukipita kwa tochi kuangalia uvujaji wa dizeli, oili na maji, na heater ya kabini ikiwa imefunguliwa hadi mwisho ili hewa itoke kwenye maji. Ikitetemeka au mlio ukipanda na kushuka, soma kompyuta kabla ya kufungua kitu. Mara nyingi huwa ni ile valvu ndogo iliyo kwenye pampu ya dizeli, ambayo mafundi huiita SCV, imechoka.

Difu na breki

Injini ya zamani ilihitaji difu fupi, yaani yenye uwiano mkubwa. Chukua gurudumu lenye mzingo wa meta 2.3 na gia ya tano yenye uwiano wa 0.85. Kwa difu ya 4.556, kwenye kilomita 100 kwa saa injini itakuwa ikizunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, ambapo kwa difu ya 3.909 ingezunguka karibu 2,400. Tofauti hiyo ya mizunguko 400 utaiona kwenye dizeli kati ya Mafinga na Dar es Salaam. Ukibadilisha, badilisha difu zote mbili kwa uwiano mmoja, la sivyo siku utakayounganisha magurudumu ya mbele kwenye ardhi kavu utavunja transfa. Kwa gari linaloshinda milimani na mzigo, mimi hulibakishia difu yake ya zamani.

Breki zisisahauliwe kwa furaha ya injini mpya. Hakikisha pampu ya vakyumu ya 1KD imeunganishwa kwenye kisaidizi cha breki kwa mpira mgumu usiojikunja. Weka pedi mpya mbele, lainingi mpya nyuma, mipira mipya ya breki, na ile valvu ya nyuma inayopima mzigo irekebishwe.

Karatasi

Kadi ya gari ina namba ya injini, na namba hiyo sasa si ya kweli. Tanzania mabadiliko haya hupelekwa TRA, gari likishakaguliwa, yakiambatanishwa na stakabadhi ya ununuzi na karatasi za forodha za injini. Kenya ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nao hutaka ukaguzi. Iarifu na kampuni ya bima kwa maandishi, kwa sababu ajali ikitokea kitu cha kwanza watakachokilinganisha ni namba hizo.

Kilomita 1,000 za mwanzo tembea bila mzigo mzito. Katika safari ya kwanza ya Kitonga, weka geji ya joto ya kweli badala ya kuitegemea ile ya dashibodi, na ukifika juu uiache injini sailensi dakika mbili au tatu kabla ya kuizima, ili turbo ipoe huku oili ikiendelea kupita. Baada ya kilomita hizo mwaga oili yote ingali na joto lake, pasua chujio la oili kwa msumeno na uangalie karatasi zake kama kuna chembe za chuma au masizi, kaza upya boliti za vikalio vya injini, za gia boksi na za propela, na urudi kuangalia kama mpira wowote wa maji au wa turbo umeanza kusugua kwenye chasisi.